Mistari ya Odette

Jumamosi saa tatu asubuhi, Régis alitandika magazeti kwenye meza ya jikoni, akalaza fremu ya baiskeli juu yake, akafungua dirisha kwa sababu dawa ya kutoa rangi inanuka. Ilikuwa Brouillat ya mwaka 1957, imetengenezwa hapa hapa Saint-Étienne, ya bluu, na mistari myembamba ya dhahabu imepita kwenye mabomba yake.

Mama mkwe wake, Odette, alikuwa pembeni anamenya viazi. Mistari hiyo aliichora yeye. Miaka thelathini na moja kwenye karakana ya Brouillat, brashi mkononi, bila rula.

Rangi ya bluu ikatoka. Mistari ikabanduka mizima kama uzi, ikateremka mguu wa meza, ikakatiza sakafuni, ikapanda kiti na kujizungusha kwenye kidole cha Odette.

“Mama, angalia kisu,” Régis akasema.

“Nimeichora mimi. Nitaikataje?”

Solange, binti wa Odette na mke wa Régis, aliingia na mkate, akauruka mstari wa mwisho uliokuwa bado njiani. “Mama nawe, si ungeisogelea tu!”

Saa sita akaja Bwana Peyrard wa makumbusho. Baiskeli ilikuwa inakwenda kwake ikishakamilika, na yeye ndiye anayeandika kibao cha maelezo. Odette alitaka kitu kimoja tu: jina lake kwenye hicho kibao, hata kwa herufi ndogo.

Peyrard alivaa miwani, akainamia kidole. “Ndiyo yenyewe. Mkono wa mzee Brouillat.”

“Brouillat? Yule hata siagi kwenye mkate ilimshinda.”

“Bibi, vitabu vyote vinasema alichora mwenyewe.”

“Aliviandika nani?”

“Mwanawe.”

“Sasa wewe mistari huioni iko wapi?” Solange akauliza.

“Naiona, madamu. Irudi kwenye bomba. Bila mistari, hii ni baiskeli tu.”

Odette akanyoosha kidole. Mistari ikapanda hewani juu ya sahani ya jibini, ikaandika Odette Chazelle. Peyrard akaisoma yote.

“Mwandiko mzuri,” akasema. “Kuhusu jina, tutaongea.”

Régis alipaka bluu mpya kwa wiki mbili. Mistari ilirudi mahali pake, lakini ilikaa tu Odette akiwa amegusa bomba. Akiinuka, inamfuata. Kwa hiyo baiskeli ilipofika makumbusho, wakaweka kiti kando yake. Odette akachukua koti lake akaenda, maana waliahidi kuongea.

Anakaa pale kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili, Jumanne mapumziko. Kibao kimeshabandikwa: Brouillat, 1957, mistari kwa mkono wa mwenye karakana. Chini yake kuna kingine: Tafadhali usimsemeshe bibi.

Wageni wanakuja wengi. Wanamwomba asogee kidogo, wapate picha ya baiskeli peke yake. Anasogea mpaka mkono unapofika.