Wimbo wa Kwanza wa Kiangazi Kile

Kiangazi cha mwaka hamsini na tano, shule zilipofungwa, mwalimu Kristina alishuka Makambako kumsaidia kaka yake Yoeli, aliyekuwa na hoteli ya chai pale njia panda. Malori ya mahindi na mbao yalisimama hapo mchana kutwa, na madereva walikunywa chai wakisikiliza gramafoni. Yoeli alikuwa na santuri kumi na moja. Kristina, ambaye huko Njombe alizoea nyimbo za kanisani tu, alizisikiliza zote kama mtu anayesahihisha madaftari, akazipa alama. Moja yenye tarumbeta aliipa sita: ilianza vizuri, ikaishia kelele. Ya mume na mke waliojibizana kwa Kiswahili cha pwani ilipata saba. Ya magitaa mawili ilipata nane, ingawa mpigaji mmoja alikuwa na haraka kama anayeachwa na lori.

Moja tu ilipata kumi. Karatasi yake ya katikati ilikuwa imebanduka, hivyo hata jina halikujulikana. Lugha nayo ilikuwa ngeni. Mwanamume aliimba peke yake na gitaa, sauti ikapanda taratibu, ikakatika mahali pamoja, kisha ikashuka.

"Anasema nini huyu?" Kristina alimwuliza kaka yake.

"Nitajuaje? Dereva mmoja aliniachia, nikampa sahani ya wali."

Kristina akajijibu mwenyewe. Mtu anayeimba vile, aliamua, lazima ana jambo lake na Mungu.

Shule zilipofunguliwa alirudi Njombe na wimbo ule kichwani, akautungia maneno ya shukrani: mvua, ulezi, mkono wa Bwana. Akaufundisha kwaya ya wasichana. Sikukuu ya mavuno walipouimba, wazee wa kanisa waliinamisha vichwa, na Mchungaji Efraimu akavua miwani akaifuta.

Benchi la nyuma alikaa Nahumu, Mkinga wa Makete, dereva aliyekuwa ameleta mbao za kanisa. Ibada ilipokwisha alimfuata Kristina nje, kofia mkononi.

"Samahani, mwalimu. Wimbo ule mmeupata wapi?"

"Kwenye santuri, Makambako. Unaujua?"

"Nilikaa Rodeshia miaka sita, migodini. Kule kila mlevi anaujua."

"Unasema nini?"

Nahumu alitazama viatu vyake. "Ni Kibemba, mwalimu. Mtu analilia mtungi wake wa pombe. Mkewe kauvunja, kisha kaondoka."

"Na pale sauti inapokatika?"

"Pale anamwambia: rudi, mke wangu, hata maji nitakunywa."

Kristina aliona haya, lakini si nyingi kama alivyotarajia. Kilichomshangaza ni kwamba pale sauti ilipokatika, hakuwa amekosea sana.

"Utawaambia watu?"

"Kesho naondoka na mzigo. Nimwambie nani?"

Hata hivyo Kristina hakutaka kukaa akisubiri uvumi. Jumatatu alikwenda kwa mchungaji, akamweleza yote bila kupunguza neno. Alipofika kwenye mtungi, Mchungaji Efraimu alikuwa akigonga meza kwa vidole, akifuata mapigo ya wimbo wenyewe. Alipojishtukia, akaiondoa mikono mezani.

"Wasichana wanajua?"

"Hawajui, Baba Mchungaji."

"Basi wasijue. Usiimbwe tena kanisani. Na kwaya, mwachie Telesia mpaka Krismasi. Si adhabu, mwalimu. Ni mapumziko."

"Ndiyo, Baba Mchungaji."

Adhabu aliijua akiiona; yeye mwenyewe aliitoa kila siku darasani.

Agizo likafuatwa. Telesia, mwalimu mwenzake, aliirudisha kwaya kwenye tenzi za kitabuni, na kanisani wimbo ule haukusikika tena. Lakini wasichana walikuwa wameshaufikisha nyumbani, na huko hakuna aliyepeleka katazo.

Januari, mvua zilipokolea, Kristina alipita njia ya mashambani akakuta wanawake wakipalilia mahindi. Walikuwa wakiimba, na sauti ilikuwa ileile. Maneno yalikuwa ya Kibena: magugu hayana aibu, ukiyafukuza leo, kesho yako mlangoni.

"Kamwene, mama," alimwamkia aliyekuwa karibu, mama mtu mzima aliyeitwa Ema.

"Kamwene, mwalimu."

"Wimbo huu mmeutoa wapi?"

Ema aliegemea jembe, akamtazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayeulizwa mlima ulikotoka.

"Huu? Huu ni wa zamani, mwalimu. Bibi zetu waliulimia ulezi."

Kristina alivua viatu, akaomba jembe, akaingia mstarini. Alilima nao mpaka mwisho wa shamba.