Mfuko wa Kwendea Shabaha

Jumamosi asubuhi Kasmir alipanga vitu vyake kitandani kabla ya kuvitia mfukoni: chupa ya maji, viazi vitamu vinne vya kuchemsha, taulo, soksi za akiba na kitambaa cha kusafishia bunduki. Yeye na mgambo wenzake wa mtaa walikuwa wanakwenda kulenga shabaha nje ya mji, na lori lingewachukua Mnazi Mmoja saa moja. Akavitia kimoja kimoja, akafunga zipu. Kisha akakumbuka kitambulisho. Alipofungua tena, alikuta mashati mawili ya mtu mwingine, kikoi, msala wa kuswalia, bisibisi ya mpini wa mbao na chupa ndogo ya dawa ya pumu. Viazi vyake vilikuwa palepale kitandani, na maji yake pembeni.

Mkewe, Agnesi, aliinama akatazama.

"Hilo la mistari ni shati la Bakili," alisema. "Nimelianua mara nyingi mvua ikija."

Akamshauri atoe, apange upya. Kasmir akatoa, akapanga upya. Alipofungua, mashati yalikuwa yamerudi, safari hii yamekunjwa vizuri zaidi.

Bakili alikuwa mpangaji wa chumba cha mkabala, katika nyumba hiyohiyo ya Mtaa wa Sikukuu. Alikuwa mtu wa Masasi, fundi wa majiko ya mafuta ya taa, na kazi yake aliifanyia barazani. Mwezi uliopita, katika ile operesheni ya kuwaondoa wazururaji mjini wakalime vijijini, mgambo walikuwa wamezunguka tangu asubuhi na lori limebakiza nafasi ya mtu mmoja. Fundi wa barazani hana barua ya mwajiri. Kasmir alijua vizuri kwamba Bakili anafanya kazi. Jiko lililochemsha viazi vile alilitengeneza yeye. Lakini jua lilikuwa kali, Kasmir alikuwa amechoka, na mkuu wao alikuwa anamtazama, akamwambia Bakili apande. Bakili hakubishana. Aliomba dakika tano tu, aingie ndani afunge mfuko.

"Huko kila kitu kipo," Kasmir alimjibu.

Hakujua kama kipo. Hakuwahi kufika huko.

Sasa saa moja ilikuwa inakaribia. Akaubeba mfuko ulivyo.

Uwanjani, mkufunzi wao, Seifu, alikagua mifuko yote kabla ya kugawa risasi. Alimuuliza Kasmir vitu vile ni vya nani. Kasmir akasema ni vya jirani. Seifu akauliza jirani yuko wapi. Kasmir akasema amesafirishwa. Seifu akaandika hivyo daftarini, maana halikuwa jambo geni. Wiki iliyotangulia mgambo mmoja wa Magomeni alifungua mfuko wake akatoa cherehani nzima. Alichoagiza Seifu ni kwamba ile dawa isiachwe juani.

Zamu yao ilipofika, wenzake walitandika mataulo na magunia wakalala kifudifudi. Kasmir hakuwa na cha kutandika ila msala na kikoi cha mtu, akalala juu ya mchanga mtupu. Alipiga risasi tano, na zote tano zikaingia kifuani mwa mtu wa mbao. Wakampigia makofi. Seifu akamsimamisha mbele yao, awe mfano wa mgambo anayejua wajibu wake. Kasmir akasimama, uso unamchoma, macho ameyaelekeza kwenye viatu. Mchana mwenzake alimmegea muhogo. Akamrudishia.

Alasiri aliporudi, aligonga mlango wa Sofia, mke wa Bakili. Zamani Sofia alikuwa akimwita shemeji.

"Karibu, Bwana Mgambo," alisema.

Kasmir akauweka mfuko mkekani. Sofia alikwisha kuona tangu asubuhi kwamba vitu havimo sandukuni, akadhani vimetangulia kwa mumewe. Alivitoa vyote, akainua chupa ya dawa kwenye mwanga kuona imebaki kiasi gani, akavikunja upya. Akaongeza kandambili na mswaki.

"Shemeji," Kasmir alisema, "siku ile ningeweza kumwacha."

"Najua. Nilikuwa mlangoni." Akamsogezea mfuko. "Lori la kusomba watu mnapanda lini tena?"

"Jumatatu."

"Basi mpelekee. Mwambie dawa asinywe na njaa."

Jumatatu Kasmir alipitia ofisini kuuliza Bakili aliteremshwa kijiji gani. Karani akamwonyesha karatasi. Ilikuwa na idadi ya watu, majina hayakuandikwa. Dereva wa lori naye akasema watu huteremshwa popote wanapohitajika, ila ataulizia njiani. Kasmir akamshukuru.

Saa sita lori lilikuwa bado na nafasi tatu. Kasmir aliusukuma mfuko chini ya benchi, akaukandamiza vizuri ili chupa isipinduke, kisha akashuka na wenzake, wakaelekea Mtaa wa Kongo kutafuta watu watatu.