Tikiti ya Mke wa Mwalimu

Fidelia alikuwa anapalilia viazi alipomwona tarishi wa boma anashuka mlima huku anaikokota baiskeli yake. Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nne, na mvua ya siku tano mfululizo ilikuwa imeifanya njia ya kutoka Njombe kuwa uji mtupu. Mtu hakuja shuleni kwao siku kama ile bila sababu. Moja kwa moja akawaza msiba.

"Kamwene, mama," tarishi alisema. "Wewe ndiye Fidelia binti Lameki, mke wa Mwalimu Elieza?"

"Ndimi. Nani amekufa?"

Tarishi akacheka. Alitoa gazeti ndani ya koti lake, akalikunjua polepole kama mtu anayefungua zawadi, akaweka kidole penye mstari mmoja. Fidelia alikuwa amesoma miaka minne kwenye shule ya wasichana ya misheni, alisoma mwenyewe. Bahati nasibu kubwa. Zawadi ya tatu, shilingi elfu sita. Fidelia binti Lameki, Njombe.

"Umekosea nyumba, baba," alisema. "Mimi tikiti niliyowahi kushika ni ya basi tu."

"Njombe nzima tumetafuta, mama. Fidelia binti Lameki ni wewe peke yako. Bwana Shauri, mkubwa wa boma, anataka umpelekee tikiti Jumatatu, akuandikie barua ya kudai fedha zako."

Alibaki amesimama na jembe lake mpaka tarishi akapotea nyuma ya miti ya miwati. Kisha akamwona mumewe amesimama mlangoni mwa darasa, chaki mkononi, uso umempauka. Elieza hakuuliza tarishi alileta nini. Hapo ndipo Fidelia alipojua kwamba gazeti halikukosea.

Walipomaliza kula, Elieza alimtuma binti yao Ida kwa jirani, akafunga mlango. Alieleza huku anatazama moto. Mwezi wa kumi na moja, akitoka kwenye mkutano wa walimu Iringa, basi lilikwama, akalala siku mbili Makambako. Mwenye duka pale njia panda alikuwa anauza tikiti za bahati nasibu, shilingi mbili moja. Watu walikuwa wananunua, naye akanunua.

"Na jina langu lilifikaje huko?"

"Ningeandika langu, lingetokea gazetini. Mimi mwalimu wa misheni, Fidelia. Katibu wa baraza la wazee. Unajua kanisa linasemaje juu ya kamari."

"Na juu yangu linasemaje?"

Elieza alichukua kijiti akachokoa makaa. "Wewe huna kazi ya kufukuzwa," alisema.

Alisema na mengine. Kwamba wao ni mwili mmoja. Kwamba jambo lenyewe litakuwa la miezi michache, na mwakani, akishapewa ukuu wa shule, atasimama mbele ya wazee aseme ukweli wote. Alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Fidelia alimpenda mumewe. Walikuwa wamezika watoto wawili pamoja, wakabaki na Ida. Akakubali.

Kabla Jumatatu haijafika, baraza la wazee lilimwita.

Walikaa saba kwenye mabenchi ya mbele ya kanisa, na Mchungaji Methusela kwenye kiti. Pembeni, kwenye meza ndogo, alikaa Elieza na daftari la mihtasari na wino, kwa sababu ndiye katibu. Waliagiza tikiti iletwe. Ilipita mkono kwa mkono, kila mzee akaiangalia kwa muda, akampa mwenzake. Mwisho ikamrudia mchungaji.

"Mama Ida," Mchungaji Methusela alisema, "hili jina ni lako?"

"Ni langu."

"Ulicheza kamari?"

Fidelia aligeuka akamtazama mumewe. Elieza alikuwa ameinama, kalamu imegusa karatasi, anangoja jibu ili aliandike.

"Jina ni langu," alirudia. "Sina la kuongeza."

Akasikia kalamu inakwaruza. Alitengwa meza ya Bwana kwa muda ambao baraza lingeona unafaa. Akaondolewa kwenye kwaya, ambako tangu alipoolewa ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Akapewa nafasi yake ya kukaa: benchi la mwisho, karibu na mlango, pamoja na binti mmoja aliyezaa nyumbani kwao na mzee mmoja aliyekuwa amerudia pombe ya ulanzi. Maneno yote hayo yaliandikwa kwa hati nzuri, iliyolala upande wa kulia, hati ambayo nusu ya vijana wa kijiji walikuwa wamejifunza kuiiga.

Fedha zilikuja baada ya mwezi mmoja na nusu. Zikawekwa benki ya posta Njombe, kwenye kitabu chenye jina la Fidelia, kwa kuwa serikali haikutaka kusikia habari za mwili mmoja. Kila walipokwenda posta, Fidelia alitia sahihi na Elieza akapokea noti. Walinunua baiskeli. Walijenga nyumba ya matofali ya kuchoma yenye madirisha ya vioo, na watu walikuja kujitazama kwenye vioo hivyo.

Watu walikuja kwa mambo mengine pia. Kaka yake Kefa, ambaye hakuonekana tangu msiba wa mama yao, alitoka Makete na jogoo kwapani. Alikaa siku nne, akala jogoo wake mwenyewe, kisha akasema anataka mia nane anunue sehemu ya lori. Fidelia alipomjibu kwamba fedha anazishika Mwalimu, Kefa alisema, "Jina lako, fedha zako, halafu unajificha nyuma ya mume? Kumbe umekuwa bahili hivi?" Akaondoka bila kuaga. Wanawake aliokuwa akiimba nao walinyamaza kila alipofika kisimani. Wakati mwingine mmoja wao angemfuata nyuma, peke yake, mtungi kichwani, amwombe shilingi tano za dawa ya mtoto. Alimpa kila aliyeomba, kutoka kwenye fedha za viazi vyake. Jumapili walikuwa wakimpita mlangoni kama wanapita kisiki.

Mwaka ukaisha. Elieza akapewa ukuu wa shule. Fidelia alingoja wiki ya kwanza, akangoja ya pili. Mwezi wa pili ulipokatika aliuliza.

"Bado mapema," Elieza alisema. "Mtu huanza kazi kwa kujivua nguo?"

Mwaka huo ndio kanisa lilipoezekwa kwa bati. Mabati mia moja na ishirini yalipanda kutoka Makambako kwa lori, na watu wakatoka mashambani kuyatazama yanavyong'aa. Fidelia alitia sahihi posta bila kuambiwa fedha zinakwenda wapi. Alifahamu alipoliona lori. Jumapili ya kufungua, Mchungaji Methusela alimsimamisha Elieza mbele ya usharika, akamshukuru kwa mkono wake mkunjufu, na kwaya ikamwimbia. Mvua ilinyesha siku hiyo. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyelowa, hata waliokaa benchi la mwisho.

Kesho yake Fidelia alikwenda kwa mchungaji. Alimkuta anachambua maharage na mkewe, na mkewe akaondoka.

"Baba Mchungaji, ile tikiti sikununua mimi."

Mzee hakuinua uso. Aliokota jiwe kwenye ungo, akalitupa.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Jina lako liliandikwa kwa hati ya Elieza, mama. Kila mzee pale ameisoma hati ile miaka tisa. Tuliijua ilipopita mkononi."

"Sasa mbona mlinitenga mimi?"

"Shule ina watoto mia na arobaini. Mwenye cheti cha ualimu ni mmoja. Tungemtenga, misheni ingemwondoa, shule ikafungwa." Mzee alifuta mikono yake kwenye goti. "Na wewe ulisema jina ni lako. Tuliona umechagua. Tukamshukuru Mungu kwa ajili yako."

"Na bati je? Fedha za dhambi zinaezeka kanisa?"

"Bati alileta Elieza," mchungaji alisema polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kujiuliza swali hilo akachoka nalo. "Vumilia, mama. Baraza likikaa mwezi wa tisa nitalileta jambo lako. Utarudishwa."

Mwezi wa tisa ulikuwa mbali, lakini kipaimara cha Ida kilikuwa mwezi wa saba, na hilo ndilo lililomwumiza. Alikuwa ameshona gauni jeupe kwa mkono, usiku na mchana, kwa sababu mashine ya fundi ilikuwa inakunja kitambaa. Siku tatu kabla ya kipaimara, asubuhi ya jalidi, majani yote nje meupe, Ida alilivaa akazunguka sebuleni. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kama baba yake. Kisha akasimama, akaanza kuchezea kifungo.

"Mama, naomba Jumapili ukae nyumbani."

Fidelia alidhani hakusikia vizuri.

"Wenzangu wote watasogea mezani na mama zao. Wewe utabaki pale mlangoni, na watu watageuka kukutazama. Naomba, mama. Nitasema unaumwa."

Elieza alikuwa ameketi dirishani anapaka viatu rangi. Fidelia alimtazama. Alikuwa tayari kumsamehe yote, aliwaza baadaye: kalamu, bati, miezi yote ile. Neno moja tu kwa mtoto lingetosha.

Elieza alipuliza kiatu, akakiweka chini. "Mtoto ana hoja," alisema. "Mimi nitasimama naye."

Fidelia alichukua sindano. Alipiga magoti, akashona kifungo kilichotaka kung'oka, akakata uzi kwa meno.

Jumapili, kengele ilipogonga na nyumba ikawa tupu, alifunga khanga mbili na blanketi, akachukua kitabu cha posta. Alitembea mpaka Njombe, akalala kwa mama mmoja Mlutheri, mtaa wa Ramadhani, ambaye hakumjua. Jumatatu asubuhi alisimama peke yake mbele ya dirisha la posta. Zilikuwa zimebaki elfu moja mia tisa. Karani hakumuuliza mumewe yuko wapi. Aliacha mia saba za ada ya Ida, akatoa zilizobaki, akapanda basi la Makambako.

Hakuchagua Makambako kwa ajili ya lile duka. Alikwenda pale kwa kuwa mabasi yote yalisimama pale, ya Iringa, ya Mbeya, ya Songea, na abiria wanaoshuka kwenye upepo ule hawafikirii kitu kingine ila chai. Alipangisha chumba cha mabati, akanunua birika kubwa mbili, akaajiri mwanamke wa kukaanga maandazi. Biashara ilikwenda. Watu walimwita Mama Chai, na hakuna aliyejali alikotoka. Kanisani hakurudi. Jumapili mabasi yalikuwa mengi, alisema akiulizwa.

Habari zilimfikia kwa wasafiri. Kwamba Mwalimu Elieza amesimama kanisani akaomba usharika umwombee mke wake aliyepotezwa na fedha. Kwamba watu walilia. Kwamba baraza la mwezi wa tisa lilikaa, na jina lake likafutwa kabisa kwenye kitabu cha washarika. Ada aliipeleka yeye kila muhula, moja kwa moja kwenye shule ya bweni ya wasichana, na hakuandika barua. Hakujua aandike nini.

Mwaka wa pili, mwezi wa kwanza, basi la kutoka Njombe lilisimama na wasichana watano wa shule wakashuka. Wanne walikimbilia maandazi. Wa tano alisimama mbali kidogo, sanduku mguuni, akimtazama.

"Shikamoo, mama," Ida alisema.

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae. Umepigwa na baridi."

Alimmiminia chai ya maziwa, akaweka sukari vijiko vitatu kama alivyozoea akiwa mdogo. Ida alishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

"Baba anasema amekusamehe," alisema. "Anasema ukitubu mbele ya wazee, unaweza kurudi."

Fidelia alikaa kwenye benchi. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amejiambia kwamba mtoto hapaswi kubebeshwa. Lakini neno lile, kusamehewa, lilimzidi, akasema yote. Alisema habari za Makambako na lile basi lililokwama. Alisema nani aliandika jina, na nani aliandika muhtasari. Alisema habari za mabati. Alisema bila kupaza sauti, kwa sababu wasichana wengine walikuwa karibu.

Ida alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe kwenye meza, kwa uangalifu, kama mgeni.

"Watu walisema fedha imekuharibu, nikawabishia," alisema. "Niligombana nao, mama. Hata baba, ambaye ananilipia ada mpaka leo, unamsingizia?"

"Muulize Mchungaji Methusela."

"Mchungaji ndiye aliyekutenga."

Dereva akapiga honi. Ida alipiga goti kidogo, kama binti aliyelelewa vizuri anavyopaswa kumuaga mtu mzima, akachukua sanduku lake. Mlangoni alitoa senti thelathini kutoka kwenye leso, akarudi akaziweka mezani, bei ya chai na andazi, ingawa hakuwa amekula wala kunywa.

Fidelia alimwacha aende. Basi la Songea lilikuwa linaingia, limejaa watu mpaka darini, na birika ya pili ilikuwa haijachemka.