Mzee Dado Anabisha Seva

Mto Tana hauna hodi. Mbingu ya Garsen inaweza kuwa kavu kama ngozi iliyowambwa, na maji yakaja tu, yametumwa na mvua za milimani. Kwa hiyo wakulima na wafugaji wakajiwekea seva ya barua pepe, na Everline akapewa kuilinda. Wapimaji wa Ndera, juu mtoni, wakiona maji yamepanda, huandika. Wa chini husoma, wakahama.

Kitendawili: nyumba ina milango miwili, mmoja wa kusoma, mmoja wa kutuma, na funguo zote anazo mwanamke mmoja. Hiyo ndiyo seva, na mwanamke ndiye Everline.

Juzi mwizi alipata nywila ya mtu akatangaza mafuriko ya uongo, na watu wa Idsowe wakavuna mpunga mbichi kwa hofu. Mwenyekiti Zachary akaagiza kutuma kubaki kwa wapimaji peke yao. Everline akatii, kisha akaongeza lake: kila akaunti isiyowahi kutuma neno aliifungia milango yote miwili. Asiyesema, alidhani, hayupo.

Leo asubuhi Ndera wakaandika kwamba mto umevuka kingo, na mara hii ni kweli. Everline akafungua kumbukumbu za seva aone nani amesoma. Jina moja lilikuwa limekataliwa, likakataliwa tena. Dado.

Mzee Dado alikuwa bondeni na ng'ombe na wajukuu. Hakuandika kamwe, kwani kwao mchungaji hutuma neno penye shida tu. Kimya chake ndiyo salamu. Kila siku alipanda kichuguu, penye mtandao, akasoma, akashuka.

Everline akamfungulia kote kuwili. Akampigia simu, hapatikani. Akatazama kioo cha kompyuta, hakuna jina.

Zachary alipoingia aliona mara moja. "Mama, nilisema kutuma ni Ndera tu."

"Na mzee na wajukuu wakizingirwa na maji, mwenyekiti, wamwambie nani? Kunguru?"

Zachary akauliza mzee hupanda kichuguu mara ngapi.

"Asubuhi tu, na leo ameshashuka," Everline akasema.

Zachary akatoka kutafuta pikipiki, ingawa wote wawili walijua njia ya bondeni huenda imeshazama. Alikuwa bado anapatana na mwenye pikipiki pale nje jina lilipotokea: Dado, ameingia. Kisha barua, ya kwanza maishani mwake:

"Hamjawahi kunifungia. Nikajua kuna jambo, nikawatoa watoto na ng'ombe. Tuko barabarani. Majani tuliyolalia jana siyaoni tena, ni maji."

Everline akamwita Zachary arudi. Hakuketi kufurahi. Akaanza kuwafungulia wanyamavu wengine, mmoja baada ya mmoja, akiomba kila mmoja awe bado anabisha.