Tope la Kitanga

Mwezi wa tisa 2013, saa mbili asubuhi, Mama Theodosia alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi ya orodha ya wakazi mjini Kasulu, kikapu kitupu mapajani. Nje lori la kwenda mpakani lilikuwa linanguruma. Asiye na karatasi ya ukaazi yenye jina lake na muhuri angepakiwa humo kabla ya saa sita, aondolewe nchini.

"Kitendawili," alimwambia Reverien, karani wa kompyuta.

"Tega, mama."

"Mtoto kahama, mzazi hajasogea."

"Ngoja kwanza nikutafutie jina."

Jina halikuonekana. Programu yake, aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ilisoma orodha ya folda ilimosimama, nayo ilisimama Kasulu mjini. Theodosia aliandikishwa Kitanga. Reverien akaongeza mstari mmoja, chdir("/orodha/kitanga"), yaani hamia folda ya Kitanga, akaiendesha. Ikajibu sifuri, maana yake imekubaliwa.

Wakawa Kitanga, wao na meza na kompyuta, katikati ya shamba la maharage. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Niyibizi, mume wa Theodosia, aliyezikwa miaka sita nyuma, alikuwa anapalilia.

"Mwakeye," alisalimu kwa lugha ya kwao. "Umekawia, mke wangu. Jina lako lipo, chini ya langu."

Lilikuwepo, mstari wa kumi na nne. Reverien akachapa karatasi. Niyibizi akajaza kikapu maharage mabichi, akarudia jembe lake. Programu ikaisha, wakawa ofisini.

Mkuu wa ofisi, Bwana Haidari, aliitazama karatasi, akatazama tope sakafuni. Kisha, kwenye dirisha jeusi la kompyuta lililoianzisha programu, akaandika amri ya kuuliza liko folda gani.

"Hapa panasema tuko Kasulu. Na orodha ya Kasulu haina Theodosia."

"Bwana, programu ni mtoto wa hilo dirisha. Aliyehama ni mtoto. Mzazi yupo palepale."

"Na mimi nagongea muhuri palepale alipo mzazi. Hii siigongei."

Theodosia alicheka kidogo, akamgeukia Reverien. "Umekitegua, mwanangu."

Alipanda lori saa sita kasorobo. Kikapu alikiacha kwenye benchi, maana mpakani hawapitishi mazao. Zena, mfagizi, alideki tope, akayabandika maharage jikoni nyuma ya ofisi. Yaliiva upesi, kama maharage ya masika.

Bwana Haidari aliomba aongezewe.