Mtandio wa Pilipili

Mimi mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga hafundishwi kwamba nguo inasema. Nimeona kwa macho yangu mwanamke akipita mlangoni kwa jirani na kanga iliyoandikwa "Hamnibabaishi", ugomvi ukaenda mpaka kwa balozi wa nyumba kumi. Sasa niambieni, nilikosaje kuuona ule mtandio?

Alinipa Elif, mkamwana wangu, Mturuki. Mtandio mweupe wa pamba, pindo lake limefumwa kwa sindano, vipilipili vidogo vyekundu mzunguko mzima, kazi ya mkono ya bibi yake. Nikauvaa miezi mitatu, msikitini, kliniki, kila mahali. Nikajiona nimependwa.

Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka 2013. Iqbal, mwanangu wa pekee, alikuwa amenunua nyumba Richmond Hill, na mimi nilikuwa nahamia kwao. Nasema nilikuwa nahamia, maana nani amwache mama yake peke yake huku ughaibuni, mtaa wa St. James Town, ghorofa ya kumi na saba, lifti leo nzima kesho mbovu, na magoti yangu haya? Nikimuuliza lini, ananijibu tutaona Mama, mambo ni mengi. Nikaanza kufunga maboksi mwenyewe.

Basi nikaenda duka moja la Waturuki kununua vikombe vya kahawa, vile vidogo vilivyochorwa maua, niingie navyo nyumba mpya, maana mkono mtupu haulambwi. Mwenye duka, mama wa umri wangu, akanitazama kichwani badala ya usoni. Akashika pindo, akaniuliza nani kanipa. Nikasema kwa fahari, mke wa mwanangu. Akaanza kuvifunga vikombe kwenye gazeti. Nikambana. Kwa Kiingereza chake cha kuungaunga na changu cha hivyo hivyo, akanieleza kwamba kwao zamani pindo lilikuwa barua: ua hili furaha, majani yale amani. Na pilipili? Pilipili ni bibi arusi anayewaka moto ndani ya nyumba.

Nikalipa vikombe vyangu, nikatoka.

 Wiki ile nikajihesabia makosa. Nilishawahi kumwambia Elif wali wake mgumu. Nilishamsugulia kwa waya kile kisufuria chake cha shaba cha kupikia kahawa, kitu cha urithi, mpaka bati la ndani likatoka, naye akacheka tu akasema haidhuru. Haidhuru! Nani anacheka kitu cha bibi yake kikiharibiwa? Nikayaona yote. Anataka nibaki huku juu nife na lifti yangu mbovu, ila hana ubavu wa kutamka. Niliogopa, sifichi. Na hasira nayo ikapanda, nikajiapiza kwamba akija atanitambua.

Jumamosi mchana akaja kunisaidia kufunga vyombo. Hata chai sikumkaribisha. Nikautandaza mtandio mezani.

"Nimejua pilipili ni nini," nikamwambia. "Kama hunitaki kwako, sema kwa mdomo."

Elif akakaa juu ya boksi. Akanieleza taratibu, akichanganya Kiingereza na Kiswahili alichokiokota kwangu, kwamba kwao mke huvaa pilipili akigombana na mumewe. Mama mkwe ana alama zake nyingine, mbaya kuliko hiyo. Aliona aibu kumsema mtoto mbele ya mama yake. Lakini si mimi mwenyewe niliyemkalisha mchana kutwa nikimfundisha majina ya kanga? Akadhani nitaona, nitauliza.

"Ni Iqbal, Mama. Hataki uhamie kwetu. Mimi nimemkatalia, kila siku namkatalia."

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu hatujanunua nyumba."

Akalia yeye. Mimi machozi hayakuja. Alipotulia akaniuliza nataka Iqbal aambiwe nini, maana yuko chini kwenye gari anamsubiri. Wiki nzima nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia mkamwana, moja baada ya jingine. La kumwambia mwanangu sikuwa nalo hata moja.