Atakayepiga Kelele

Katika kampuni ile ya kuhifadhi matunda, seva ya barua pepe ilikuwa inaitwa Bibi. Hakuna aliyekumbuka nani alimpa jina hilo, lakini lilimkaa. Alikuwa mzee, alikuwa anakoroma, alikula umeme bila huruma, na kila barua iliyoingia au kutoka pale ofisini ilipitia kwake. Fundi wa kompyuta, mwanamke ambaye wenzake walimwita Dada Fundi, alikuwa amemtunza miaka mingi kwa feni za kuokoteza na maneno ya kubembeleza. Sasa barua zote zilikuwa zimehamia kwenye wingu, yaani kwenye mashine za watu wengine walioko mbali, na Bibi hakuwa na kazi tena.

Ilibaki kumzima tu. Dada Fundi alipendekeza apite kwanza idara zote, mlango kwa mlango, aulize kama kuna kitu chochote kinachomtegemea Bibi. Meneja wake, kijana aliyelisifia wingu mpaka watu wakambatiza Bwana Wingu, akasema huko ni kupoteza muda. Yeye alikuwa na njia yake, na si yake peke yake, maana mafundi wengi wa kazi hii wanaijua.

"Zima, kisha kaa usikilize," alisema. "Atakayepiga kelele ndiye bado anamhitaji."

Dada Fundi hakubisha. Na tuseme ukweli, naye alikuwa amechoka. Akabonyeza kitufe, feni zikapunguza mwendo, zikasimama. Alikuwa amezoea mkoromo ule kiasi kwamba chumba kilipotulia machale yalimcheza, akatazama nyuma yake kama kuna mtu ameingia. Hakukuwa na mtu.

Aliyepiga kelele alikuwa mhasibu, ambaye mashine yake ya kunakili iligoma kutuma nyaraka. Hiyo ilirekebishwa kabla hajamaliza kulalamika. Baada ya hapo siku zikapita, kimya. Bwana Wingu akatembea kifua mbele, akaagiza watu wa vyuma chakavu waje wamchukue Bibi mwisho wa wiki. Kila mtu alikuwa anapata barua zake. Dada Fundi peke yake ndiye aliyekuwa bado anasikiliza, na hakujua anasikiliza nini.

Ng'ambo ya uwanja, kwenye chumba cha mashine, alikuwa anafanya kazi mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Kazi ile alimtafutia yeye. Mama hakuitaka, maana alikuwa amesikia habari za gesi, na Dada Fundi alimwapia kwamba atamwangalia mtoto wake kwa macho mawili. Gesi yenyewe ndiyo iliyoyalaza matunda usingizi: hewa ya kawaida ilitolewa kwenye maghala, hii ikapulizwa mahali pake, na matunda yakasahau kuiva. Haina rangi wala harufu. Haiwashi macho, haimkohozeshi mtu. Ukiingia palipojaa unavuta pumzi kama kawaida, kisha magoti yanalegea, na hupati hata nafasi ya kushangaa.

Ndiyo maana kulikuwa na Pua. Hicho kilikuwa kisanduku cheupe kwenye ukuta wa handaki la mabomba, chini ya chumba cha mashine, na kazi yake ilikuwa kupima hewa. Zamani kilikuwa na honi, lakini honi hiyo ilikuwa inalia kwa kila jambo, mpaka mtu mmoja aliyekereka akaikata waya. Tangu hapo, Pua ikiona mambo yameharibika ilituma ujumbe wa barua pepe kwenye simu za mafundi.

Mchana mmoja ndugu hao wawili walikaa kwenye benchi uwanjani wakila. Mdogo mtu alikuwa na maneno mengi kama kawaida yake. Alimtania dada yake kwamba siku hizi anakula mshahara wa bure, mashine imezimwa na bado anakwenda kukaa nayo kama mlinzi wa maiti. Kisha akafuta mikono kwenye suruali.

"Ila hilo wingu lenu lina baraka," alisema. "Limetuponyea Pua."

"Limeiponya vipi?"

"Ilikuwa hainipi raha. Mlango ukiachwa wazi kidogo tu, simu inalia. Tangu mkizime kile kikongwe chenu, haijanisumbua hata mara moja."

Dada Fundi akacheka naye. Ndiyo, alicheka, na baadaye hicho ndicho kilichomuuma kuliko mengine. Mdogo wake akasimama, akasema kuna koki inavuja handakini na Babu Grisi, fundi mkuu wa mashine, ataanza kufoka asipoiona imebadilishwa. Akaondoka akipiga mluzi.

Dada Fundi alikuwa ameshafika ngazi za ofisini ndipo kicheko kilipomkauka. Ujumbe wa Pua ulikuwa unapitia kwa Bibi. Lazima ulikuwa unapitia kwa Bibi, hakukuwa na njia nyingine. Walikuwa wamekaa wiki nzima wakisubiri asikike mwenye shida, na mwenye shida hakuwa na mdomo mwingine ila ule waliouziba.

Alipiga simu ya mdogo wake. Haikupatikana, maana mawimbi hayafiki handakini. Pale ndipo angetakiwa kukimbia. Lakini aliwaza: kama ni wasiwasi wangu tu? Kama nitavuka uwanja nikipiga mayowe na kumbe Pua ni nzima, Bwana Wingu atanicheka mpaka nistaafu. Akaingia kwenye chumba cha seva ili ahakikishe kwanza, akamwasha Bibi.

Bibi hakuwa na haraka, hajawahi kuwa nayo. Akakohoa, akazungusha feni, akajikagua kiungo kwa kiungo. Dada Fundi alisimama mbele yake. Kisha ujumbe ukaanza kuingia. Pua ilikuwa imeweka yote iliyoshindwa kutuma, na wakati wote huo ilikuwa inagonga mlango uliofungwa. Hewa imepungua handakini. Hewa imepungua handakini. Maneno yaleyale, siku baada ya siku, mpaka yakabadilika. Hewa imepungua sana. Msiingie.

Akanyakua simu ya mezani, akapiga chumba cha mashine. Aliyepokea ni Babu Grisi, na ilibidi apaze sauti, maana masikio ya yule mzee yalikuwa yameliwa na ngurumo miaka mingi.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Ameshuka handakini. Kuna nini, binti yangu?"

"Mtoe, Babu. Huko chini hakuna hewa."

"Mbona Pua haijasema kitu?"

"Niliizima mimi."

Babu Grisi hakuuliza la pili. Mkono wa simu uligonga meza, kisha buti zikasikika kwenye ngazi za chuma, haraka, zikishuka. Hapo ndipo Dada Fundi alipokumbuka kwamba hakumwambia avae mtungi wa hewa. Akaliita jina la mzee kwenye simu, akaliita tena, akapiga kelele mpaka koo likamuuma. Upande wa pili mashine ziliendelea kunguruma.

Mara mkono wa simu ukainuliwa.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Ilikuwa sauti ya mdogo wake.

Kijana akaendelea kwa uchangamfu kwamba alikuwa stoo anatafuta mpira wa koki, amerudi amekuta simu iko wazi na Babu haonekani. Amekwenda wapi?

Dada Fundi alimjua mdogo wake. Yule mzee alikuwa amemfundisha kazi tangu siku ya kwanza, alikuwa anamwita mjukuu, na kijana angeshuka ngazi zilezile bila kuvuta pumzi mbili. Amwambie avae mtungi? Ulikuwepo mmoja tu, umening'inia mlangoni mwaka na mwaka, na hakujua kama una kitu ndani. Aliyapima yote hayo kwa kufumba na kufumbua.

"Mama ameanguka," akasema. "Njoo getini sasa hivi. Acha kila kitu."

Akasikia mkono wa simu ukidondoka na viatu vikikimbia, safari hii kuelekea nje. Akapiga zimamoto. Sauti yake ilikuwa imetulia, na utulivu huo ulimtisha yeye mwenyewe. Wakamuuliza kuna watu wangapi ndani.

"Mmoja," akajibu.

Akatoka. Bwana Wingu alikuwa kwenye korido na kikombe mkononi, akauliza kwa nini Bibi amewashwa, Dada Fundi akampita. Getini mdogo wake alikuwa anahema, mikono imejaa grisi, macho yanatafuta teksi barabarani. Alipomwona akamkimbilia, akamshika mabega.

"Mama ana nini?" akauliza.